Karibu ya Saba

"Mtoto wa nani huyu?" Kache aliuliza.

Tulikuwa tumesimama kwenye lango la kiwanda, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na mama yake mzazi alikuwa amemnyooshea mtoto anyonyeshwe, kama alivyofanya kila siku tangu Kache arudi kazini. Mtoto alikuwa Jumwa. Kache mwenyewe ndiye aliyemzaa, mvua za masika zikipiga paa, nami nilikuwapo chumbani nikimshika mabega. Sasa alimtazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyekutana naye njiani. Akamgusa shavu, akasema ni mzuri, Mungu amkuze. Kisha akageuka akarudi ndani kwenye mashine yake.

Mama yake Kache ndiye mama mkwe wangu. Alimfunga mtoto mgongoni upya, polepole, akaifuata njia ya nyumbani bila kuniaga, na hilo halikuwa jambo lake. Mimi nilibaki nimelishika lango. Niliogopa kweli. Wengine wangeweza kusema Kache amechoka, au jua limempiga kichwani, lakini mimi nilijua ni siku gani jambo hili lilianza na lilianza kwa neno gani.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Kiwanda chetu kilikuwa cha usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, kwenye njia ya kutoka Msambweni kwenda Bodo, karibu na mikoko ambako makumbi ya nazi yalilowekwa miezi na miezi mpaka yakaoza na kunuka. Mzungu aliyekijenga alikwisha kwenda zake, na chama cha ushirika cha wenye minazi kikakichukua. Juu ya lango walipaka rangi maneno Uhuru na Kazi, ingawa siku zile tulikuwa na uhuru mwingi kuliko kazi.

Naitwa Ndila binti Kitheka. Watu wangu ni Wakamba waliopewa mashamba ya makazi kule kwenye vilima vya Shimba. Nzai, kaka yake Kache, aliniona sokoni Kwale, akanifuata mpaka kwa baba, akanioa, na mimi nikateremka pwani kuwa mke wa Mduruma. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Pale kiwandani waliniambia methali hiyo siku ya kwanza, wakacheka sana, maana nilikuja kufanya usumba wa kusokotea kamba, na mwenyewe ni Mkamba. Niliwaacha wacheke. Kache peke yake ndiye aliyenisogezea nafasi kwenye benchi na kunipa nusu ya muhogo wake, na tangu siku hiyo alikuwa zaidi ya wifi kwangu. Alipopata mtoto, mimi nilikuwa bado sijapata, na miaka ilikuwa inakwenda. Kache alijua linaniuma. Ndiyo sababu kila jioni alinipakatia Jumwa mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote wa nyumba ile.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kumbi lililooza unalishika ncha kwa mikono miwili, unaliegemeza juu ya pipa la misumari linalozunguka, ile nyama yake inapukutika chini na usumba unabaki mkononi, mrefu na wa rangi ya kahawia. Mapipa yalikuwa sita kwenye mstari, yote yakizungushwa na mhimili mmoja, na kwa sababu ya umbo lake tuliyaita ngoma. Wazee wa mji waliposikia kwamba kila mwanamke mle ndani ana ngoma yake walicheka mpaka wakafuta machozi. Huku kwetu ngoma ni pepo vilevile, na mwanamke mwenye ngoma hutafutiwa mganga, hatafutiwi ajira.

Injini ilikuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta, na aliyeiendesha ni mzee Chande. Yeye hakutuona na sisi hatukumwona. Usumba ulipojisokota kwenye misumari tuligonga ukuta akazima injini, tukaingiza mikono kuyasafisha mapipa, na hiyo ilitokea mara nyingi kwa siku. Kabla ya kuwasha tena alikuja kwenye tundu la ukutani akaita hodi. Kila mwanamke aliyekwisha kutoa mikono yake alijibu karibu, kwa zamu, kuanzia ngoma ya kwanza mpaka ya mwisho. Akikosa jibu moja aliita tena, hata mara tatu, na kama bado pana kimya alizunguka mwenyewe aje kuona. Hapakuwa na kengele wala taa. Tulikuwa tunafanya kazi kwa hodi kama watu wa nyumba moja.

Siku yangu ya kwanza nilizihesabu zile karibu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho na sikutaka kukosea zamu. Baada ya yangu nikasikia nyingine. Ilitoka upande wa mwisho wa banda, penye sakafu tupu na matundu ya skrubu yaliyozibwa kwa saruji. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, wala haikuwa na haraka. Ndipo injini ilipowaka. Nilimgeukia Kache, naye akanifinya mkono na kusema, "Huku hatuhesabu, wifi."

Sikuhesabu tena. Mtu huzoea. Ile sauti ilikuwa sehemu ya kazi, kama harufu ya makumbi, na sikumbuki kuiogopa baada ya wiki ya kwanza.

Basi akaja Bwana Maweu. Alikuwa kijana wa Machakos, suruali yake imenyooshwa hata ungeweza kukatia nyanya, na chama kilimchukua awe meneja kwa kuwa alikwenda Ulaya kusomea namna ya kuongeza kazi viwandani. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Alifika akakuta wanunuzi wa Mombasa wanalalamika, magodoro yanatengenezwa kwa vitu vingine, na viongozi wa chama wamekwisha kukata shauri: robota za usumba zikiwa haba mpaka mwisho wa mwaka, lango lifungwe. Nyumba ngapi zilikula kutokana na lango lile sitazitaja, ila yetu ilikuwa mojawapo, kwa maana Nzai alikuwa akipakia makumbi, na mumewe Kache, Kalama, alikuwa Mombasa akitafuta kibarua bandarini na bado hajakipata.

Maweu alitembea na saa yake ya kubonyeza shingoni. Alihamisha rundo la makumbi likawa karibu na mikono yetu, na kweli migongo ilipumua. Akaamuru mifereji ifunguliwe ili taka zisijae miguuni. Yote hayo yalikuwa mazuri, na tuliyasifu. Kisha akaingia kwenye chumba cha injini akakaa na mzee Chande asubuhi nzima, na adhuhuri akatokea akicheka peke yake.

Alitusimulia mwenyewe. Alimwuliza mzee mbona wanawake sita wamejibu na bado hajawasha, naye mzee akamjibu kwamba bado mmoja. Maweu akazunguka ukuta, akatuona sita, akarudi akamwambia wote wapo. Mzee akasema hapana, bado mmoja, na hakuwasha mpaka aliposikia alichokuwa akikingoja. "Nyinyi watu wa huku munapenda maneno mingi," Maweu alituambia, kwa kile Kiswahili chake cha bara. "Hii hodi-hodi yenu inakula nusu ya siku. Mashine si nyumba ya mtu."

Akaleta kengele ya shule. Mzee Chande alikataa kuipiga, kwa heshima lakini alikataa, akapelekwa uani kupanga makumbi, na chumba cha injini akapewa fundi wa Ukunda asiyejua habari zetu. Kengele ililia, ukatoa mikono, injini ikawaka. Hapakuwa na ajali. Robota ziliongezeka, na sisi wenyewe tulianza kusema kwamba labda mzee alikuwa akituchelewesha bure.

Lakini banda lilibadilika. Kengele iliponyamaza palibaki nafasi ndogo ya kimya kabla ya injini, na katika nafasi ile kila mmoja wetu aliinamisha kichwa asimtazame mwenzake. Tulikuwa tunasikiliza. Ile karibu haikuja tena, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyebisha hodi. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilijisikia vibaya, kama mtu aliyempita mzee njiani bila kumpa shikamoo.

Halafu hodi ilianza kuja kutoka upande ule mwingine.

Ilikuwa mchana kweupe, injini imezimwa, tumeinama kusafisha misumari. Kutoka kule kwenye sakafu tupu ikaja sauti ya upole: hodi. Ungedhani ni jirani amekuja kuazima chumvi. Hakuna aliyejibu. Tulijua hatufai kujibu, ingawa hakuna aliyetufundisha. Siku iliyofuata ikaja tena, na iliyofuata, bila kupandisha sauti, na sisi tukang'ata midomo. Mwenye kulelewa huku anajua ilivyo vigumu. Hodi haijibiwi kwa kufikiri, hujibiwa na mdomo wenyewe, na mtoto akiiacha ipite bila jibu huchapwa.

Siku jambo lenyewe lilipoanza, Kache alikuwa na mawazo. Jumwa alikuwa na homa tangu alfajiri, na matiti yalikuwa yamejaa hata kanga imelowa. Alikuwa ameinama, kichwa chake kiko mbali, anachomoa usumba kwenye misumari. Hodi ikaja. Na Kache, bila kuinua uso, akajibu, "Karibu."

Wote tuligeuka. Alijiziba mdomo kwa mkono. "Imenitoka tu," alisema, akacheka kidogo, na sisi tukacheka naye kwa sababu hatukujua la kufanya. Kengele ikalia.

Mabadiliko yalianza mikononi. Kache hakuwa mvivu, lakini alikuwa mtu wa kufanya kazi huku akipiga soga. Sasa alinyamaza, na makumbi yakapita mikononi mwake kwa wepesi ambao sikuwahi kuuona kwake wala kwa mtu mwingine. Fungu lake la usumba lilipanda mpaka likamficha. Kumbi alilianza kwa mkono wa kushoto, ilhali namjua Kache hakuweza hata kushika kijiko kwa mkono ule. Kengele ya kula ilipolia alibaki amesimama mbele ya pipa, akingoja. Na siku moja alinigeukia akaniuliza kwa sauti ndogo kama Bwana amekwisha kurudi kutoka likizo yake ya Ulaya, maana hajamsikia akifoka.

Nilimwambia Mzungu aliondoka zamani. Alinitazama kwa mashaka, kama niliyemdanganya, akaendelea na kazi.

Maweu alikuwa na furaha. Alisimama nyuma yake na saa yake, akaandika, akatikisa kichwa. Aliwaleta viongozi wa chama wamwone. Akatutaka sote tufuate mwendo wa Kache, tuanze kumbi kwa kushoto kama yeye, kwani ndiyo njia iliyo fupi. Nasi tulijaribu. Ulipita wakati ambapo wanawake sita walikuwa wakifanya kazi kwa mkono wa mtu ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona.

Ndipo ilipofika ile adhuhuri ya langoni. Kuanzia siku hiyo Kache aliporudi nyumbani alikaa kando, mikono mapajani, kama mgeni asiyetaka kuwasumbua wenyeji. Tulipomwekea Jumwa kifuani mtoto aligeuza uso na kulia kilio cha woga. Tukampa maziwa ya ng'ombe, akayatapika. Tukampa uji mwepesi. Macho yake yalianza kuwa makubwa na shingo ikawa nyembamba, na kila mtu aliyewahi kulea anajua dalili hiyo inaelekea wapi. Mama mkwe wangu aliita mganga. Mganga alikaa na Kache kitambo kidogo, akatoka akasema mle ndani hakuna pepo wa kupungwa, mna mtu aliyekaribishwa vizuri.

Nilikwenda kwa Maweu kwanza. Alinisalimia kwa Kikamba, akaniwekea kiti, nami nikamwomba amwondoe Kache kwenye ngoma na kuirudisha hodi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba Kache akiondoka hesabu zitaanguka, zikianguka lango litafungwa, na akaniuliza kwa taratibu kama mtoto yule atashiba nini siku ambayo nyumba yetu yote haina kazi. Alipendekeza tumpeleke hospitali. Alikuwa na haki yake, na hilo ndilo lililoniliza nilipotoka pale.

Nikaenda uani kwa mzee Chande. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakungoja."

Alinieleza akiwa anaendelea kupanga makumbi. Zamani mapipa yalikuwa saba. La saba lilikuwa la mwanamke wa Bodo, jina lake Mbeyu, mashoto, mwepesi kuliko wote, hana mume wala mtoto. Wakati huo hakukuwa na hodi. Injini iliwashwa mikono yake ikiwa ndani ya misumari, na mhimili ukamvuta. Mzungu aliling'oa pipa na kuziba matundu. Ni mzee Chande mwenyewe aliyeanza kubisha hodi, siku iliyofuata, kwa hofu ya kuua mwingine, na siku hiyo hiyo Mbeyu alijibu pamoja na wenzake. Mzee alisema hakuwa na ubaya wowote. Alitaka ahesabiwe tu. Tulipoacha kumhesabu akabaki nje, na mtu aliye nje hufanya lile ambalo kila mtu angefanya.

Nilimwuliza atatokaje. Mzee aliweka kumbi chini.

"Mgeni hafukuzwi, mwanangu, na huyu hana kwao pa kurudi," alisema. "Huondoka kwa mwenyeji mmoja akikaribishwa na mwenyeji mwingine."

Usiku ule nilikuwa na Jumwa kifuani mwangu, na alikuwa mwepesi mno. Nikakata shauri, bila kumwambia Nzai.

Kesho yake kengele ya kula ilipolia, wanawake walitoka na mimi nikabaki. Kache alikuwa amesimama mbele ya pipa lililonyamaza, mikono tayari. Nilimwendea mpaka karibu, nikamshika ule mkono wa kushoto. Ulikuwa baridi na mkavu.

"Dada Mbeyu," nilisema, "hapo ulipo pana mtoto, na pamebana. Kwangu hakuna mtu. Karibu kwangu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Naapa hayakuwa macho ya wifi yangu. Hayakuwa mabaya. Yalikuwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni kwa watu siku nyingi akijiuliza kama kweli ametakiwa. Kisha yakageuka kando, Kache akayumba, nikamkalisha juu ya rundo la makumbi. Maziwa yalikuwa yanamchuruzika mpaka tumboni. "Wifi," alisema, "mama amekwisha kuja? Jumwa ameletwa?" Akainuka akakimbia kuelekea langoni, kanga ikiburura chini.

Nilimsikia mtoto akilia, kisha nikamsikia amenyamaza, ule unyamavu wa mtoto anayenyonya. Nilitamani kwenda kuwaona. Lakini kengele ililia, injini ikawaka, na kumbi lilikuwa mkononi mwangu tayari. Sikuangalia ni mkono gani.

Hesabu hazikuanguka. Maweu alihamia nyuma yangu na saa yake, akatikisa kichwa kama alivyofanya kwa Kache, na hakujua wala hakutaka kujua kwa nini. Nilipomwambia kwamba nitaendelea kwa mwendo ule kama atairudisha hodi na kumrudisha mzee Chande, alifanya hesabu zake kichwani akakubali. Lango halikufungwa mwaka ule, wala miaka mingi iliyofuata. Maweu alipandishwa cheo akaenda Nairobi kuwafundisha wengine, na nasikia alikuwa akilitaja banda letu kwa fahari. Mzee aliita hodi, wanawake sita wakajibu, akawasha.

Kache alizaa wengine wanne. Ananipenda mpaka leo, huniletea samaki, lakini huniitia nje uani, na sijawahi kumwona akivuka kizingiti changu. Simlaumu, kwani hakumbuki chochote na hajui ni kwa nini miguu inamkatalia.

Mimi sikuzaa; kwangu palikuwa na mtu tayari, na pasingemtosha mtoto. Nzai alivumilia kuliko wanaume wengi. Mwishowe alioa mke wa pili, mwanamke wa Mkwiro, mcheshi, na watoto wakaja mfululizo. Jioni moja alikuja kukaa nami barazani, akaniambia moyo unamuuma kuniona nyumba nzima nalala peke yangu. Alikuwa ameshasema na mke mwenzangu, nao wamekubaliana kunipa binti mmoja, yule wa tatu aliyependa sana kunifuatafuata, nimlee awe wangu. Nilimshika mkono nikamshukuru kwa dhati, maana alikuwa mtu mwema, na kitu hicho ndicho nilichokiomba kwa Mungu kuliko kingine chochote duniani. Nikamwambia asimlete.